"Kesi ilifutwa, sasa niandike Hapana?"

SWALI: Habari wakili. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa naishi Louisville, Kentucky. Nimetimiza miaka mitano ya kadi ya kijani na nataka kuomba uraia wa Marekani. Mwaka juzi niligombana na mke wangu, jirani akaita polisi, nikafungwa pingu na kulala jela usiku mmoja. Mke wangu hakutaka kesi, mahakama ikaifuta, na wakili niliyepewa na mahakama akaniambia rekodi yangu ni safi. Mtu anayetujazia fomu hapa anasema nikijibu "Ndiyo" kwenye swali la kukamatwa nimejiharibia mwenyewe, niandike "Hapana" kwa kuwa kesi haipo tena. Mke wangu anaogopa. Nifanye nini?

JIBU: Andika "Ndiyo", ndugu yangu. Mkeo ana sababu ya kuogopa, ila usiku ule wa jela hautishi kama huyo mtu anayewajazia fomu.

Swali hili linanijia kwa sura nyingi: kijana aliyepigana baa, mama aliyeshukiwa wizi dukani, baba aliyesimamishwa barabarani akaishia kituoni. Karibu kila mara nyuma yake yuko mtu asiye wakili aliyewaambia kwamba kesi ikifutwa ni kama haikuwahi kuwepo. Kauli hiyo imewanyima uraia watu waliokuwa na kila sifa ya kuupata.

Soma fomu ya N-400, ndiyo ya kuombea uraia, mwenyewe, au mwombe mtoto wako akusomee. Inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa, kuzuiliwa au kufungwa na askari au ofisa yeyote wa dola, kwa sababu yoyote, Marekani au kwingineko. Haiulizi kama ulikutwa na hatia. Tena inasema bayana kwamba lazima utaje tukio hata kama rekodi ilifutwa au faili lilifungwa, na hata kama jaji, askari au wakili alikuambia kwamba huna tena rekodi. Waliotunga fomu hiyo walishamsikia mshauri wako kabla hujakutana naye.

Wakili wako wa mahakamani hakukudanganya. Mwenye nyumba au mwajiri wa Kentucky akikuchunguza, huenda asione kitu. Ila uraia unatolewa na serikali kuu kwa sheria zake, na kumbukumbu zake ni nyingine. Usiku ule jela ya kaunti ilichukua alama za vidole vyako. Ukishatuma maombi, USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, itatafuta kumbukumbu zako FBI kwa alama za vidole vilevile. Ofisa atakayekuhoji anaweza kuwa na karatasi mezani inayoonyesha tarehe, kaunti na kosa uliloshikiwa, hata kama karani wa mahakama hana tena faili. Anapokuuliza kama umewahi kukamatwa, mara nyingi jibu analijua. Anataka kuona utasema nini.

Sasa ona hasara yenyewe. Kabla ya maswali utanyoosha mkono wa kulia na kuapa. Sheria ya uhamiaji inasema anayetoa ushahidi wa uongo kwa mdomo, chini ya kiapo, ili apate faida ya kiuhamiaji, hana mwenendo mwema, na bila mwenendo mwema hakuna uraia. Mwaka 1988, katika kesi ya Kungys, Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza kwamba kifungu hicho hakijali kama uongo ulihusu jambo kubwa au dogo. Kwa hiyo kukamatwa ambako pengine kusingekuzuia kunageuka sababu ya kunyimwa, kwa sababu tu ulikukana. Kipindi cha kuthibitisha mwenendo mwema ni miaka mitano, au mitatu kwa anayeomba kupitia ndoa na raia. Ukinaswa leo, doa hilo utatembea nalo kipindi chote hicho.

Na asiyenaswa siku ya mahojiano asishangilie. Serikali inaweza kwenda mahakama ya madai kuomba uraia ufutwe kwa sababu ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi, na shauri la namna hiyo halina ukomo wa muda. Iko pia njia ya jinai. Divna Maslenjak, mkimbizi kutoka Bosnia, alipata uraia mwaka 2007, baadaye akashtakiwa kwa uongo alioutoa kuhusu utumishi wa mumewe jeshini. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisema lazima serikali ithibitishe kwamba uongo ulichangia mtu kupata uraia. Ulikuwa ushindi kwake, lakini kufika huko kulimgharimu miaka ya kesi. Hapo kishoka aliyekujazia fomu hutamwona.

Kabla hujatuma chochote, kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo la "Hapana", na mtu wako bila shaka hajakuuliza. Kesi yako ilifutwaje?

Watu husema "ilifutwa" kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa. La kwanza: ulikana shtaka, mwendesha mashtaka akaona hana ushahidi, mahakama ikalitupa. Hapo huna hatia kwa sheria yoyote, ingawa ofisa bado anaweza kukuuliza nini kilitokea. La pili: ulikiri mbele ya jaji, ukapewa masharti, labda madarasa ya kudhibiti hasira, faini, au mwaka mmoja wa kutorudia kosa, ukayatimiza yote, ndipo kesi ikafutwa. Kwa jimbo, umetoka safi. Kwa sheria ya uhamiaji, kukiri pamoja na adhabu au sharti lolote aliloweka jaji ni kutiwa hatiani, na kufutwa baadaye kwa sababu ulitii masharti hakubadilishi kitu. Kosa likiwa la ukatili wa nyumbani, linaweza kuwa sababu ya kurudishwa ulikotoka. Mtu wa namna hii akituma N-400 anaipelekea serikali faili lake kwa mkono wake, na anachopokea chaweza kuwa wito wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji. Yeye namwambia asitume kabisa mpaka akae na wakili wa uhamiaji.

Kwa hiyo nenda mahakamani kwa karani, uombe nakala zenye mhuri: hati ya mashtaka na uamuzi wa mwisho. Ukizipata, tafuta mstari unaoonyesha ulijibu nini shtaka liliposomwa, kisha uone kama kuna sharti lolote kati ya siku hiyo na siku ya kufutwa. Karani akisema faili limeshaondolewa, mwombe barua yenye mhuri inayosema hivyo. Uliza pia kama mahakama ilitoa amri ya kukuzuia kumkaribia mkeo. Wengi hurudi nyumbani kwa sababu wamepatana, bila kujua amri bado ina nguvu, na kuivunja ni balaa jingine. Kupatana kwenu hakuifuti, jaji ndiye huiondoa.

Wakili wa jinai anapaswa kukueleza haya kabla hujakiri kosa lolote, na kanuni hiyo ilitokana na kesi ya hapohapo Kentucky. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka 40 na alilitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa na bangi kwenye lori lake, na wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini siku nyingi. Akakiri, na ndipo akajikuta anakabiliwa na kurudishwa kwao. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilisema wakili wa mshtakiwa asiye raia ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo. Kama wako hakukueleza, mwambie wakili wa uhamiaji utakayemwona.

Kuna neno moja la barua yako siwezi kulipita. Umekulia Nyarugusu. Je, uliwahi kukamatwa na polisi wa Tanzania kwa kutoka kambini bila kibali, labda ulipokwenda kutafuta vibarua vijijini? Wengi walikamatwa hivyo, wakalala mahabusu, wengine wakatozwa faini. Kama yalikukuta, ni kukamatwa, na fomu inauliza kuhusu dunia nzima. Si rahisi kunyimwa uraia kwa sababu hiyo peke yake. Lakini mahojiano yako ya ukimbizi yamo kwenye faili la uhamiaji, na ofisa anaweza kulinganisha ulichosema kule na unachosema leo. Kama hukumbuki ulisema nini, omba nakala ya faili lako kwa sheria ya uhuru wa habari kabla ya kutuma.

Nawaambia na wengine mnaosoma, kwa sababu vishoka hawa wako Dallas, Columbus na Portland kama walivyo Louisville. Wanapatikana nje ya kanisa baada ya ibada na kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanachukua pesa taslimu na kukuambia jibu gani "linapita". Kumsaidia jirani kuandika anachosema yeye ni wema. Kumchagulia jibu la swali la kisheria ni kazi ya wakili, au ya mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani, na orodha ya mashirika yenye wawakilishi hao iko wazi kwenye tovuti ya idara. Mengi hutoza kidogo, mengine hayatozi. Kipimo kiko ndani ya fomu: mna sehemu ambapo aliyekuandalia anaandika jina, anwani na kutia sahihi. Mwambie atie sahihi. Akikwepa, chukua karatasi zako uondoke.

Hao ndio wanaosema bangi haina neno kwa kuwa jimbo limeiruhusu. Kwa serikali kuu bado ni kosa, na kukiri kuivuta kunaweza kukunyima uraia hata kama hujawahi kuonana na polisi. Wanasema ulevi barabarani ni faini tu, ilhali tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani mwaka 2019, hatia mbili za kuendesha umelewa ndani ya kile kipindi cha kuthibitisha mwenendo mwema huhesabiwa kuwa dalili ya kukosa mwenendo mwema. Wanamtumia maombi mtu ambaye bado yuko kwenye kifungo cha nje, wakati kanuni hairuhusu kuyaidhinisha hadi kiishe. Tiketi ya kawaida ya mwendo kasi isikunyime usingizi: isipohusu pombe, dawa za kulevya wala kukamatwa, na faini ikiwa chini ya dola 500, huhitaji hata kuambatanisha nyaraka. Lakini tiketi zenyewe zitaje, na punguza mwendo, kwa sababu mwongozo wa USCIS wa Agosti 2025 umewataka maofisa kuangalia mwenendo mzima wa mwombaji, yakiwemo makosa ya barabarani ya hatari au ya kurudiarudia.

Kama huyo mtu ameshatuma fomu yako na "Hapana" ndani yake, usisubiri ofisa afike kwenye swali. Kusanya zile nyaraka zenye mhuri, mwone wakili wiki hii, na siku ya mahojiano, mara tu baada ya kuapa, sema una jibu la kurekebisha. Marekebisho yanaruhusiwa, na ofisa huyaandika. Mwisho wa mahojiano utatakiwa kutia sahihi tena kuthibitisha kwamba fomu, pamoja na kila kilichorekebishwa, ni kweli. Mwombe akuonyeshe lile swali la kukamatwa kabla hujaitia.