Kwa nini jirani alilipwa na wewe hukulipwa

Ndugu, unauliza kwa nini ng'ombe wako walikufa na bima ya mifugo ya serikali ya Kenya, KLIP, ikawalipa watu wa upande wa pili wa kaunti. Mpango ule ulioanza 2015 huko Turkana na Wajir haukuwa unahesabu mizoga. Setilaiti ndiyo ilikuwa inapima ukijani wa malisho. Kila kaunti iligawanywa maeneo, na eneo likikauka kupita kiwango kilichowekwa, wote walioandikishwa humo walilipwa, hata yule ambaye mbuzi wake hawakuguswa. Eneo lako likionekana bado lina kijani, hakukuwa na pesa, hata kama kijani chenyewe ni mathenge tupu, ule mti wa miiba unaovamia malisho.

Tena haikuwa fidia ya zizi zima. Serikali ilimlipia kila mfugaji aliyeandikishwa bima ya uniti 5, yaani ng'ombe 5 au mbuzi 50. Lengo lilikuwa ununue nyasi na dawa mapema, mnyama asife.

Kwa hiyo kabla ya kumshuku chifu (najua wengi huanzia hapo), uliza kwanza mpaka wa eneo lako ulipitia wapi.