Sheria 19 za grupu letu zilivyobaki tatu

Sheria zangu za kwanza zilikuwa 19. Nilizikopi kwenye grupu la wauza vitenge, nikafuta neno vitenge nikaweka watoto, nikazibandika pale kwenye maelezo ya grupu nikajiona admini kweli kweli. Hakuna aliyezisoma, hata mimi mwenyewe ungeniamsha usiku nisingekutajia tatu.

Hiyo ilikuwa 2017, Mbagala, grupu la wamama wanaonyonyesha. Tulianza wachache tuliojuana kliniki, wakaletana mashoga na mawifi hadi tukajaa, maana enzi hizo WhatsApp ilikuwa inaishia watu 256. Na grupu la ushauri jamani sio kama la harusi. La harusi mtagombana michango yakaisha, ila huku mtu anakuja saa nane usiku, mtoto halali, kifua kinamuuma, baba mtoto kageukia ukutani anakoroma, anaandika swali huku analia, sasa mtu huyo ukimjibu vibaya hajui tena pa kwenda.

Na tulimjibu vibaya. Dada mmoja, mtoto wake miezi miwili, aliuliza afanyeje maziwa anaona hayamtoshi mtoto. Haikupita dakika kumi, mmoja kasema mpe uji mwepesi mbona sisi tumekua, mwingine kamwambia we huli ndo maana, mwingine ana dawa ya kuongeza maziwa anauza elfu kumi na tano njoo inboksi, na kuna aliyeweka vikatuni vya kucheka. Hakuna hata mmoja, na mimi nikiwemo, aliyemuuliza mtoto ananyonya mara ngapi, anakojoa vizuri, kilo kwenye kadi zinapanda au zimesimama. Akalefti. Nilikuja kumkuta kliniki, alimpa uji kweli, mtoto akaharisha karibu wiki. Na kliniki wote tulishaambiwa miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, tunajua kabisa, ila ukishika simu kila mtu ni nesi.

Nilifuta zote 19. Nikasema kuanzia sasa sheria inaingia pale tu kitu kimeshatuumiza, na ya kwanza ikawa hiyo: uliza kabla hujashauri. Swali moja tu linatosha. Utashangaa maana nusu ya majibu hufa yenyewe, mtu akishauliza na kujibiwa anagundua alichotaka kusema hakihusiani.

Ya pili, dawa. Hii tulibishana siku tatu, wengine wanasema sasa grupu la nini kama hatuambizani dawa. Tukakubaliana unaruhusiwa kusema "wangu alikuwa hivi, hospitali wakamfanyia hivi," huruhusiwi kusema "mpe hiki, kijiko kimoja." Na mtoto mchanga akiwa wa moto, au kagoma kunyonya, au kapata degedege, jibu ni moja, mpeleke hospitali sasa hivi, wengine wote mnyamaze tujue kafika au hajafika.

Ya tatu, ya humu hayatoki nje, ndo iliyonikosanisha na ukweni. Mama mmoja aliandika mume haachi hela ya kula. Jioni yake mume anayo skrinshoti, na jina la aliyeipiga linaonekana juu kabisa kwenye notifikesheni zake, hakuwa makini. Wifi yangu. Sasa ningefanyaje? Nilimtoa. Mama mkwe alininunia mpaka Idi, ila nakuhakikishia kama ningempotezea siku ile grupu lingekufa, kwa sababu watu wanaangalia admini anamfanyia nini mtu wake wa karibu, hawaangalii ulichobandika kwenye maelezo. Tangu hapo mwenye jambo la siri ananitumia mimi, naliweka naandika "mwenzetu anauliza," maana kwenye grupu namba yako iko wazi kwa wote na wengi profaili ni picha ya mtoto. Ukianzisha grupu la ushauri anza na hilo hata kabla ya sheria yoyote.

Mengine madogo madogo. Mtu akikosea mfuate inboksi kwanza, usimsute mbele ya watu mia mbili, atabisha tu hata kama anajua kakosea. Tangu 2022 admini unaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine, mimi nafuta ila namwambia kwa nini nimefuta. Kosa la pili unatoka, ukikaa mwezi ukiomba mwenyewe unarudi. Na tafuta admini mwenzio anayekubishia, sio shoga yako, wangu ni mama mmoja mkali alinizuia kuwatoa watu watatu nikiwa na hasira tu.

Wengi hunishauri nilifunge grupu saa nne usiku watu wapumzike. Sifungi. Anayehitaji majibu ya kunyonyesha yuko macho saa nane, kama simu inakusumbua zima sauti.

Wifi aliomba kurudi mwezi ulipoisha, nikamrudisha. Hajaandika neno hadi leo, ila nikiangalia nani kasoma ujumbe, yumo kila siku.