Kutafuta hitilafu ya kebo kwa riflektomita: mambo ya kujua kabla hujashika sepeto

Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, maji hushuka kwenye mitaro ya kebo kote Arusha na Moshi, na jeraha dogo lililokaa kimya kiangazi kizima linaanza kuangusha breka. Hapo ndipo fundi mgeni anakabidhiwa riflektomita ya mapigo, ambayo wengi huiita TDR, anaambiwa: "Kaangalie imekatika wapi." Kwa kuwa mashine inatoa namba ya mita kwenye skrini, ni rahisi kudhani kazi imeisha. Mashine haijui kebo yako. Inapima tu muda ambao mpigo wa umeme unatumia kwenda na kurudi ndani ya kebo, na muda huo unageuzwa kuwa mita kwa kasi uliyoiandika wewe. Ukiandika kasi mbaya, utachimba shimo zuri mahali ambapo hapana kitu.

Lakini kwanza usalama, na usalama wa kazi hii uko kwenye ncha ya pili ya kebo, ile usiyoiona. Zima, funga kwa kufuli, tundika kibao, na ufanye hivyo pande zote mbili. Kwenye mashamba ya maua ya Usa River na kwenye hoteli, usiridhike na kuzima upande wa transfoma, kwa sababu genereta au solar yenye inveta inaweza kurudisha umeme kutoka upande wa mzigo. Weka mtu kwenye ncha ya mbali, mwenye simu, ambaye hagusi kitu wala haruhusu mtu kugusa mpaka umwambie.

Kisha hakikisha kebo imekufa. Jaribu kipima volti mahali penye umeme uone kinafanya kazi, pima kebo, halafu rudi ukakijaribu tena pale pale penye umeme. Pima fezi kwa fezi, kila fezi na nyutro, kila fezi na ethi. Bisibisi ya testa haitoshi. Vaa glavu za umeme zinazofaa volti ya kazi, daraja 0 kwa hadi volti 1000, na uzikague kwa kuzijaza hewa kabla ya kuvaa. Kebo za kilovolti 11 na 33 zina mwenye mfumo, kibali chake na utaratibu wake wa kuweka ethi; kama hujaidhinishwa, usifungue hata boksi. Na ukisikia radi, hata kama iko mbali upande wa mlima, fungua klipu zako usubiri, hasa kama kebo imeungwa na laini ya juu.

Baada ya hapo fungua miunganisho ya ncha zote mbili. Mota, mashine ya kubadili kasi ya pampu, kapasita na vizuia radi vyote vitoke. Vikibaki, vitaficha mwisho wa kebo kwenye skrini, na volti 1000 za kipima insulesheni (ganda linalozuia umeme kuvuja) zinaweza kuua vifaa vya elektroniki.

Anza na kipima insulesheni na kipima mwendelezo, si riflektomita. Unataka kujua fezi ipi ina ugonjwa, na ugonjwa gani: imekatika, imegusana na mwenzake, au inavuja kwenda kwenye chuma cha nje. Kila ukimaliza kipimo, toa chaji. Kebo ndefu ni kapasita, yaani hutunza chaji. Ukiifungua mapema, volti hurudi yenyewe kutoka ndani ya insulesheni. Kama umepima dakika 1, iache kwenye ethi dakika 4 au zaidi. Atakayebandika klipu za riflektomita kwenye kebo yenye chaji atachoma mlango wa mashine, na yeye mwenyewe anaweza kurushwa.

Sasa mashine. Inatuma mpigo mfupi, inasubiri mwangwi. Kebo ikiwa imekatika, mstari unapanda juu. Ikiwa na shoti, unazama chini. Jointi nzima huonyesha kijimkunjo kidogo, na jointi iliyoingia maji huonyesha bonde pana lisilo na ncha kali.

Tuchukue kebo ya XLPE (aina ya insulesheni ya plastiki) ya mita 380, ya volti 400, kutoka transfoma hadi kwenye pampu ya kisima. Funga klipu kwenye fezi nzima na nyutro nzima kwanza. Mwisho wa kebo unaonekana kama kupanda kwenye mikrosekunde 4.75. Ili uwe na hakika kwamba huo ndio mwisho, mwambie mwenzako aunganishe fezi hiyo na nyutro kwa waya mfupi: kilima kinageuka bonde pale pale. Akitoa, kinarudi kuwa kilima. Hili ni jaribio la sekunde chache, na tunashangaa ni wangapi wanaliruka.

Urefu unaujua, kwa hiyo rekebisha kasi mpaka mashine isome 380. Utapata mita 160 kwa kila mikrosekunde, yaani 0.53 ya kasi ya mwanga. Kebo za umeme za XLPE, PVC na karatasi huwa karibu na hapo, kati ya 150 na 174 hivi. Hesabu ni kasi mara muda, gawanya kwa 2, kwa sababu mpigo umekwenda na kurudi. Angalia pia kama mashine yako inaonyesha kasi yenyewe au nusu ya kasi. Baadhi huandika 80 badala ya 160.

Usibadilishe kitu kingine, hamia fezi mbovu. Bonde linaonekana kwenye mikrosekunde 2.9, sawa na mita 232. Sasa tuseme aliyetumia mashine jana alikuwa anapima kebo ya antena, akaacha 0.67, yaani karibu mita 200 kwa mikrosekunde. Bonde lile lile litasomeka mita 290. Umekosea kwa mita 58, na kwenye ardhi ya mawe ya volkano ya Arusha hiyo ni siku nzima ya sururu. Dalili ilikuwepo: mashine ingesema kebo nzima ina mita 475.

Usipojua kasi halisi, pima kutoka ncha zote mbili kwa kasi ile ile. Upande mmoja umesoma 236, wa pili 154, jumla 390, na ramani inasema 380? Zidisha 380 kwa 236, gawanya kwa 390: karibu mita 230 kutoka ncha ya kwanza.

Upana wa mpigo uanze mdogo. Mpigo wa nanosekunde 100 kwenye kebo hii hufunika mita 8 za mwanzo, na chochote kilicho ndani yake hukioni. Wa mikrosekunde 1 hufunika mita 80. Kwa kebo ndefu utalazimika kuupanua, ila hitilafu ikiwa karibu na paneli, nenda ukapimie ncha nyingine. Nguvu ya kukuza nayo ianzie chini; ukiipandisha sana kila jointi itaonekana ugonjwa. Na ukiona bonde la pili kwenye umbali mara mbili ya la kwanza, huo ni mwangwi wa mwangwi.

Kuna hitilafu ambayo mashine hii haiioni, na ni vizuri uikubali mapema. Kwenye kebo yenye impidansi (ukinzani ambao mpigo unakutana nao ndani ya kebo) ya omu 40, uvujaji wa omu 10 hurudisha theluthi mbili ya mpigo. Uvujaji wa omu 200 hurudisha asilimia 9. Wa omu 1000, asilimia 2 tu, ambazo hupotea kwenye kelele. Kipima insulesheni kikisema megaomu 2 na skrini ikionyesha fezi zote sawa, mashine haijaharibika. Kazi hiyo inahitaji vifaa vya volti kubwa na watu waliofundishwa. Kebo yenye tawi nayo hudanganya: jointi ya tawi hurudisha theluthi moja ya mpigo kwenda chini, ukaidhania shoti.

Ukishapata mita zako, fuata njia ya kebo kwa kitambua njia na gurudumu la kupimia, usikate moja kwa moja kiwanjani. Kebo imezunguka mwamba, imepanda na kushuka kwenye paneli, na pengine imeachiwa duara la akiba karibu na jointi. Vyote hivyo vimo kwenye mita 232, kwa hiyo alama ya juu ya ardhi huwa karibu zaidi kuliko namba. Chimba kwa mkono, mita chache kabla na baada ya alama, maana mtaro huo huo unaweza kuwa na kebo nyingine yenye umeme.

Kebo ikionekana, usiikate kwa kukisia. Itambue kwa ishara kutoka kwenye ncha uliyoifunga, kisha uitoboe kwa kifaa cha kutoboa kinachoendeshwa kwa mbali ndipo uguse msumeno. Ukishaunga, pima insulesheni tena, toa chaji, piga picha ya skrini mpya ukiiandika tarehe, kasi na upana wa mpigo, na uhakikishe mpangilio wa fezi haujabadilika kabla pampu haijawashwa, isije ikazunguka kinyume.