Jibu kwa mwalimu mkuu aliyehamishwa: yaliyonikuta Kitui

Mwalimu mwenzetu ameuliza: amepata barua ya kuhamishiwa kaunti ya mbali, ana mke na watoto watatu, afanyeje asije akaugua kwa mawazo? Hilo nimelipitia, naomba nijibu kwa kirefu.

Nilitoka Bungoma, magharibi mwa Kenya, kwenda Kitui, mashariki, mwaka 2018, wakati TSC, tume inayowaajiri walimu, ilipoanza kuwapeleka walimu wakuu nje ya kaunti zao za nyumbani. Nia ilikuwa utangamano wa kitaifa na kuzuia mkuu asiigeuze shule kuwa mji wake. Hoja hiyo siipuuzi. Nyumbani, kila muhula palikuwa na binamu anayetaka tenda ya kuni au jirani anayemtafutia mwanawe nafasi. Kitui hakuna aliyenijia kwa jina la ukoo, na kwa hilo nilipumua.

Ila afya yangu ilitikisika, na safari ndefu ya basi haikuwa sababu kubwa. Ni upweke wa kuamua mambo mazito kati ya watu usiowajua. Wiki ya kwanza muuzaji wa maharagwe alinisubiri mlangoni na ankara za mwaka uliopita. Dereva wa lori la maji alitaka pesa taslimu kabla hajafungua mpira. Bursa, mhasibu wa shule, akaniambia akaunti imekauka, na fedha za serikali, wakati huo shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, zilikuja kwa mafungu. Shule ya zamani ningejua nimpigie nani simu. Hapa hata naibu wangu sikumjua, naye alikuwa bado ananipima.

Kisha ukaja muhula wa pili. Mwaka huo shule nyingi za bweni nchini zilikumbwa na migomo na moto. Kwenye shule unayoifahamu, mgomo unaunusa mapema: jinsi wanafunzi wanavyonyamaza gwarideni, meza ipi inaacha chakula. Mgeni hana pua hiyo. Nikawa naamka saa nane usiku kuzunguka mabweni na tochi, nikirudi kitandani usingizi umeshakwenda. Likizo ya Agosti daktari akanipima presha, akaniandikia dawa siku hiyo hiyo.

Nyumbani nako mambo hayakungoja. Mke wangu ni mwalimu wa msingi, alibaki na watoto na mama yangu mzee. Kijana wetu alikuwa kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Nikipiga simu ananijibu "niko sawa, Baba", basi, anampa mama yake simu. Kilichotusaidia ni kuacha kumhoji. Nilimwomba anisomee hesabu zilizomshinda, tukazifanya pamoja simuni, na mengine yakaanza kutoka yenyewe.

Kwa hiyo, Mwalimu, usitie sahihi makabidhiano kabla kila deni halijaandikwa kwa jina la mdai na kiasi, mbele ya mwenyekiti wa bodi. Pili, watafute wakuu wa jirani kupitia KESSHA, chama cha wakuu wa shule za sekondari, mapema, kabla hujapata shida. Mmoja wao ndiye aliyenieleza ni mzee gani wa bodi anasikilizwa na wazazi, na mzee huyo ndiye aliyenifundisha salamu za Kikamba na kukaa kando yangu kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi. Baada ya hapo nilianza kulala. Presha pima sasa, kabla ya kufunga mizigo, ili ujue ulikoanzia.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha hoja ya mbunge Omboko Milemba ya kusitisha sera hiyo ya kuwapeleka walimu nje ya kaunti zao, na walimu wengi wakaanza kurudishwa makwao. Lakini uhamisho wa kawaida haujaisha na hautaisha. Ninachokitamani ni barua zitoke mwisho wa mwaka badala ya katikati ya muhula, na aliyebakisha miaka michache astaafu, au anayeuguza mtu nyumbani, asikilizwe kwanza. Kama wewe ni mmoja wa hao, andika rufaa leo na uambatishe barua ya hospitali.