Wateja wangu wanayumba wakivua miwani ya VR

SWALI: Shikamoo mama. Nina kibanda cha gemu karibu na stendi hapa Tanga. Nina lile kasha la VR la kuvaa usoni linalochomekwa simu, mtu akaona kama yumo ndani ya picha, na wateja wanalipia mchezo wa treni inayoporomoka mlimani. Wengi wanafurahi, ila wapo wanaovua wakipepesuka, na mmoja alitapika mlangoni. Mteja mwingine ananishauri niwauzie vidonge vya kuzuia kutapika safarini. Mimi mwenyewe nikicheza sana, usiku naona kitanda kinaelea. Je, tunaumia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa watu wengi hali hiyo hupita yenyewe. Ninachokiogopa mimi ni kuanguka, maana kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na naona nyonga iliyovunjika inavyomkalisha mtu kitandani.

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayopima kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye chembe za chokaa vinavyohisi mvutano wa ardhi na mwendo ulionyooka. Mteja wako ameketi, macho yanaona treni ikiporomoka, sikio linasema hatujasogea hata inchi. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, jasho hutoka, mate hujaa mdomoni, halafu kichefuchefu. Abiria wa boti ya Pemba aliyejificha chini yanamkuta hayohayo kinyume chake: sikio linahisi mawimbi, macho yanaona ukuta uliotulia. Ndiyo maana mwaka 1882 mwanasaikolojia William James wa Marekani aliandika kwamba viziwi wengi, hata wakizungushwa, hawapati kizunguzungu. Kwa wengi wao sehemu hiyo ya sikio haifanyi kazi.

Sasa hilo kasha lako. Simu iliyomo inajua kichwa kimegeuka, lakini mtu akiinama mbele kuchungulia, picha haimfuati. Hapo ugomvi unazidi. Miwani kamili hufuata hata mwendo huo, ila najua bei yake. Kwa hiyo anza kwa kuiondoa treni, hata kama ndiyo inayoleta hela. Weka michezo ambayo mchezaji anabaki palepale, kama kulenga shabaha au kutazama samaki wakipita. Mpe kiti kizito chenye mikono na feni inayompuliza usoni. Akianza kubeua au kutoka jasho, mvue papo hapo. Usimwambie akaze roho. Mwili huzoea kwa kuacha mapema na kujaribu tena siku nyingine.

Vidonge, hapana. Vingi vya safari, promethazini ikiwemo, huleta usingizi. Wewe si mfamasia, na mteja wako akitoka hapo anapanda pikipiki.

Pikipiki yenyewe inanitia wasiwasi kuliko matapishi. Ili tusimame wima tunategemea macho, sikio, na hisia za nyayo na viungo. Baada ya mchezo, ubongo umeanza kulipuuza sikio, na unahitaji muda kurudi sawa. Marubani wa kijeshi wa Marekani wakitoka kwenye mitambo ya kuigiza urukaji hutakiwa kusubiri kabla ya kurusha ndege halisi, kwa sababu hiyohiyo. Tafuta benchi. Dereva wa bodaboda akimaliza kucheza, akae kwanza. Kisha asimame miguu pamoja, afumbe macho, wewe ukiwa ubavuni kumdaka. Akiyumba, arudi kwenye benchi. Asipoyumba, bado ajipe muda kabla ya kuwasha.

Kuhusu kitanda chako kinachoelea: punguza kucheza usiku uone. Ikiwa kizunguzungu kinakufuata hadi siku ambayo hukugusa kasha, au dunia inazunguka kila unapojigeuza kitandani, nenda kwa daktari wa masikio. Huenda chembe zile za chokaa zimetoka mahali pake, na tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, bila dawa. Lakini mtu akiona vitu viwiliviwili, mdomo ukapinda au sikio moja likaziba ghafla, asingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.