Kwa walimu wapya: mambo ya kujua kabla hujaanza kukamata simu za wanafunzi

Walimu wenzangu mlioripoti muhula huu, hasa nyie mliopangiwa shule za bweni, karibuni sana. Kuna kazi moja ambayo chuoni hawafundishi na itawakuta wiki ya kwanza tu, nayo ni hii ya simu za wanafunzi. Sheria utaikuta imebandikwa ofisini na iko pia kwenye ile karatasi anayopewa mzazi pamoja na orodha ya godoro, jembe na rimu ya karatasi: simu hairuhusiwi. Wizara imekua ikisema hivo miaka na miaka na karibu kila shule inasema hivo. Alafu taa zikizimwa bwenini usiku unapita nje ya dirisha unaona mwanga chini ya blanketi.

Mi nimekua mlezi wa bweni kwa muda mrefu huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na ninaamini sheria hii ni nzuri. Mtoto wa S.2 (kidato cha pili) mwenye simu janja usiku halali, asubuhi hisabati ya kwanza anasinzia, na video moja ya ugomvi wa bwenini ikirushwa TikTok inaweza kumharibia mwenzake shule nzima. Lakini msako peke yake hauwezi kuishikilia hii sheria. Kinachoishikilia ni mtoto kuwa na njia nyingine ya kweli ya kuongea na nyumbani, na simu iliyokamatwa kushughulikiwa kwa uaminifu mpaka mwisho. Hivyo viwili vikikosekana utasaka mpaka uchoke na simu zitaongezeka tu.

Tuanze na msako wenyewe sababu ndio utaitiwa kwanza. Siku ya kufungua shule mnakagua masanduku getini na hapo mtakamata chache, za wale wageni wa S.1. Wakubwa hawaingizi simu siku hiyo. Wanaingiza siku ya wazazi, ndani ya mkate uliochimbwa katikati na kufungwa tena na nailoni yake, ndani ya kopo la karanga za kusaga, ndani ya paketi ya sabuni ya unga, au inarushwa tu juu ya ua jioni na kaka wa mtu. Ikishaingia inakaa kwenye godoro lililopasuliwa na kushonwa vizuri kabisa, darini, kwenye kitabu kilichokatwa kurasa za ndani, au inafukiwa kwenye bustani ikiwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki). Wasichana wapekuliwe na mwalimu wa kike au metroni (mlezi wa kike wa bweni), kila mara, na sanduku lifunguliwe mwenyewe akiwa amesimama hapo. Usikubali kuingia bweni la wasichana kwa msako ukiwa mwanaume hata kama naibu mkuu amekuambia ni dakika mbili tu.

Ila nikupe siri ambayo inaokoa nguvu: usifuate simu, fuata chaji. Simu bila umeme ni jiwe tu, na bwenini soketi hakuna, kwa hiyo lazima kuna mtu anachaji. Mara nyingi ni mtu mzima. Ni askari mwenye solar kibandani kwake, ni dada wa kantini, ni mpishi, saa nyingine ni fundi wa maabara, na wanalipwa mia tano au elfu moja kwa chaji moja, na huwezi kuwalaumu sana ukijua mshahara wao, lakini ndio mlango wenyewe. Kaa nao kwa heshima, ongea nao kabla ya kuwaripoti, waambie waziwazi kwamba mtoto akikutwa na simu atasimamishwa masomo na wao wataitwa. Na pale ambapo hakuna mtu mzima wa kuchaji, wavulana wanachomoa globu wanaunga nyaya zilizo wazi juu ya kitanda chenye godoro la sponji. Hilo likutishe kuliko TikTok. Ukiona holda ya globu imelegea au kuna waya umening'inia, hiyo kesi ni ya usiku huohuo, usingoje kikao.

Sasa simu umeikamata. Hapa ndipo walimu wengi wapya wanapotea na hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo.

Usiiweke mfukoni. Hata kama ni saa tano usiku na ofisi imefungwa, nenda kwa mwalimu mwenzako au metroni, mhesabu pamoja. Tunafanya hivi: mwanafunzi mwenyewe anaitoa laini na memori kadi mbele yenu, anabonyeza *#06# ile namba ndefu ya utambulisho wa simu (IMEI) itokee, mnaiandika kwenye daftari pamoja na tarehe, jina, darasa, aina ya simu, rangi, kioo kimepasuka au hakijapasuka, laini ngapi. Kama ni katochi (simu ndogo ya vitufe yenye tochi) namba utaikuta chini ya betri. Simu inazimwa, inaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha inagundishwa na yeye anasaini palepale kwenye mkunjo, na wewe unasaini. Asubuhi inaingia sefu. Nilimwona kijana mmoja wa S.5 mkorofi kweli, mtu wa kubishana na kila mtu, alipoona tunaandika hata ule mkwaruzo mdogo pembeni ya kamera alinyamaza akasaini, na mzazi wake alipokuja akakuta bahasha yenye saini ya mwanae haijafunguliwa hapakua na kelele yoyote pale ofisini. Kesi ikarudi kua ya mtoto kuvunja sheria, badala ya kua ya mwalimu kuiba simu. Manake wanafunzi wanajua shule ambapo simu "zinapotea" na muhula unaofuata mwalimu fulani anaonekana na simu mpya ya mke wake, na shule ya namna hiyo haina sheria tena hata ikibandika makaratasi kila mti.

Usifungue meseji zake. Najua utasema nataka kujua nani anamuuzia bangi, nani yuko kwenye grupu la mgomo. Mwite, muulize, mwite mzazi, na kama ni jambo la polisi basi polisi wanajua njia yao ya kisheria. Tuna sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019 na mtoto hajaondolewa humo. Zaidi ya sheria, ukishasoma mapenzi ya mtoto wa watu na kuyatangaza stafurumu (chumba cha walimu), hakuna mtoto atakayekuja kwako tena na shida yake.

Na kuhusu kuvunja. Kuna shule zinakusanya simu zote mstarini, nyundo inaletwa au petroli, na shule nzima inatazama. Mi nakataa na nitaendelea kukataa. Ile simu mara nyingi si ya mtoto, ni ya shangazi aliyeibiwa na mtoto, au ni simu ambayo mama anapokelea mobile money ya biashara yake ya samaki, ukiichoma umemchoma mama. Mrudishie mzazi, mwisho wa muhula au mwisho wa mwaka kama kanuni zenu zinavyosema, lakini irudi. Fimbo pia weka mbali, sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza kuchapa shuleni na si jambo la kubahatisha na kazi yako uliyoitafuta kwa miaka.

Swali ambalo nawaomba mlifanye la kwanza kabla ya adhabu ni hili: simu hii umepewa na nani? Laini zinasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na mtoto chini ya miaka 16 hana hicho kitambulisho, kwa hiyo laini anayotumia ina jina la mtu mzima fulani. Kwa mvulana jibu mara nyingi ni kaka au rafiki wa mtaani. Kwa msichana saa nyingine jibu haliji, anaangalia chini, mzazi akiitwa anashangaa kuliko wewe, simu ya bei kuliko ada. Hapo acha habari ya kuvunja sheria ya shule. Kuna mwanaume amenunua hiyo simu na anataka malipo ya mapenzi, na kama msichana hajafika miaka 18 kulala naye ni kosa la jinai. Mpeleke kwa mwalimu wa kike mwenye malezi, mzazi aongee na mwanae bila umati, na nyie kama shule msiharakishe kumpa barua ya kwenda nyumbani wiki mbili manake yule mwanaume anamsubiri hukohuko barabarani na bodaboda. Nimesema hili kwenye vikao mpaka wenzangu wamenizoea.

Kwa wavulana angalia kubeti. Kisheria Uganda mtu chini ya miaka 25 haruhusiwi kubeti kabisa, lakini laini ikiwa ya kaka mkubwa mfumo unamwona kaka mkubwa. Dalili ni pesa ya matumizi kuisha wiki ya kwanza, madeni bwenini, na kelele za Jumamosi usiku za matokeo ya mpira ambayo hakuna redio iliyoyatangaza.

Sasa nyumbani. Huku kwetu tuna wanafunzi wengi waliokuja kutoka Sudan Kusini, wengi familia zao zilivuka baada ya vita kurudi Juba mwezi wa saba 2016 na kusambaa mpaka Yei, wakajaza Bidi Bidi kule Yumbe na kambi zingine. Mtoto yuko kwako S.3, bibi yuko kambini, mama amerudi Yei kulima, baba hajulikani. Namba za mama zinabadilika badilika, na siku mama akipata mtandao ndio siku hiyohiyo, akikosa mtoto anasubiri mwezi. Huyu ukimwambia simu marufuku na hujampa kingine chochote, ataificha simu na mi siwezi kumwita mkorofi. Hata watoto wetu wa hapahapa, mama akiwa hospitali Arua mtoto hawezi kukaa prepu (kujisomea jioni) kimya.

Kwa hiyo pigania simu ya shule ifanye kazi kweli. Shule nyingi zinayo kwenye makaratasi, ukiuliza iko wapi utaambiwa haina chaji au bursa (mhasibu wa shule) amesafiri nayo. Sisi tuna mbili, moja katochi moja simu janja yenye WhatsApp, zinakaa kwa metroni, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada. Kila mtoto namba zake tatu ziko kwenye daftari zimethibitishwa na mzazi, anapiga mbele ya metroni ila metroni anakaa mbali kidogo asisikilize, dakika chache, anayefuata. Wazazi walio ng'ambo ya mpaka wanatumiwa ujumbe wa sauti WhatsApp, na mama akijibu Jumanne metroni anamwita mtoto wakati wa mapumziko anasikiliza. Bando shule inalipa na ni pesa ndogo ukilinganisha na mafuta ya kumfuata mtoto aliyetoroka. Tangu tuanze, wanaoficha simu bado wapo, nisiwadanganye, lakini wamebaki wale wa starehe na wa kubeti, na wenzao hawawafichii tena kama zamani sababu hakuna tena wa kusema "mwacheni anaongea na mamake".

Kuna hoja ya mtaala mpya ambayo mtaisikia kila siku na ni ya kweli. Mtaala wa S.1 mpaka S.4 ulioanza 2020, ambao mtihani wake wa kwanza wa UCE (mtihani wa taifa wa mwisho wa S.4) ulifanyika 2024, unataka mtoto afanye utafiti na mradi. Mtoto atakuambia mwalimu umetupa kazi ya utafiti na vitabu hakuna. Usimjibu kwa hasira. Kabla ya kutoa kazi ya kutafuta mtandaoni nenda uone maabara ya kompyuta ina mashine ngapi zinazowaka, panga makundi, au pakua mwenyewe uwape. Kuna programu kama Kolibri ambayo masomo yanakaa kwenye kompyuta moja na wengine wanasoma bila intaneti, mwalimu wa kompyuta anaweza kuiweka.

Shule za kutwa ni habari tofauti kidogo. Mtoto anayetembea saa nzima asubuhi gizani kuwa na katochi sioni ubaya, aiache getini kwa bahasha na namba, achukue saa kumi na moja.

Mwisho ni simu yako wewe. Mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la taifa) ikifika hata msimamizi haingii na simu chumba cha mtihani, na karatasi ngapi zimevuja kwa picha za WhatsApp zilizopigwa na watu wazima, si watoto, na matokeo ya shule nzima yakazuiliwa. Lakini hata siku za kawaida, watoto wa nyuma wanahesabu mara unazoangalia skrini ukiwa unafundisha. Iache stafurumu au iwe kimya ndani ya mkoba, na kama una mgonjwa nyumbani unasubiri habari, waambie darasa kabla ya kuanza kwamba leo simu ikilia nitatoka nje kupokea, alafu uanze somo.