Uliza Fundi: Wanazunguka tu, sasa wanakufaje?

Shikamoo fundi. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, kuna mshkaji ananirushia klipu za mbio za IndyCar za Marekani. Wanazunguka kwenye duara, hakuna lori linalokuja mbele, hakuna ng'ombe wala shimo, ila bado watu wanakufa. Nimeona ile ya Las Vegas gari kibao zinaruka kwa pamoja. Inakuaje?

Marahaba mdogo wangu. We umezoea ajali za huku kwetu, basi linaovateki mlimani linakutana na semi uso kwa uso, ndo maana unaona pale hakuna cha kugongana nacho. Kipo, ni jirani yako wa mbele.

Zile gari matairi yako nje, hayana madigadi. Sasa tairi la nyuma la gari iliyokutangulia, ule upande unaokutazama wewe unakuwa unazunguka kwenda juu, kwahiyo tairi lako la mbele likigusa tu pale linaparamia, pua inanyanyuka, na kwa spidi ya karibia kilomita 350 kwa saa upepo ukishaingia chini ya gari linaondoka kama bati la Dodoma mwezi wa nane.

Klipu yako ni ya tarehe 16 Oktoba 2011. Aliyefariki ni Dan Wheldon, Mwingereza, bingwa mara mbili wa Indianapolis 500, yale mbio yao makubwa kuliko yote, 2005 na mwaka huohuo wa 2011. Siku ile alianzia nyuma kabisa, nafasi ya 34, maana kulikuwa na dola milioni 5 za kugawana na shabiki mmoja kama angeshinda akitokea huko. Raundi ya 11 watu wa mbele wakagusana, gari 15 zikaingia humo, ya kwake ikapaa hadi kwenye wavu unaokinga watazamaji na kichwa kikapiga nguzo ya ule wavu. Helmeti kwa nguzo ya chuma haina ubishi.

Wapo waliosema bahati mbaya, mi hapo hatuelewani. Indianapolis duara lake lina kilomita 4 na wanaingiza gari 33. Las Vegas ni kilomita 2.4 hivi halafu wakaingiza 34! Kona zimeinuliwa sana kiasi kwamba hakuna anayeachia mafuta, wote wanatembea spidi moja wamebanana, fundi wa usukani na mbabaishaji wako palepale, na mmoja akiteleza wa nyuma hana pa kukwepea. IndyCar hawajarudi tena kwenye duara lile. Na kinachouma zaidi, gari jipya la msimu wa 2012 lililowekewa vikinga nyuma ya matairi ya nyuma ili watu wasiparamiane, aliyekuwa analifanyia majaribio ni Wheldon huyohuyo. Wakaliita DW12, herufi za jina lake.

Kuta zenyewe siku hizi zina nafuu. Tangu 2002, Indianapolis wakiwa wa kwanza, mbele ya zege kuna mabomba ya chuma na nyuma yake vipande vya foma, ukigonga unabonyea kidogo badala ya mwili wako kupokea kishindo chote. Ila wavu wa juu na nguzo zake bado upo, na 2018 kwenye uwanja wa Pocono dereva Robert Wickens aliurukia, akapona ila uti wa mgongo ukaumia.

Fundi, kwanini wasiweke paa tu yaishe? Mama Neema, Kibaigwa.

Dada, dereva anatakiwa atoke haraka moto ukiwaka, na waokoaji wamfikie. Ila waliweka nusu ya unachosema. Agosti 2015, Pocono hiyohiyo, gari la mbele liligonga ukuta, pua ikang'oka, ikadunda ikamkuta dereva Justin Wilson kichwani, akafariki kesho yake. Tangu 2020 kuna kioo kigumu cha plastiki kwenye fremu ya titani kinamzunguka dereva, juu pako wazi. Mwaka huohuo kule Iowa gari la Colton Herta likapanda juu ya la Rinus VeeKay, na VeeKay akashuka mzima.

Mkuu, kile kidude wanachovaa shingoni kinanifaa mimi bodaboda wa Area C?

Hapana kaka. Kile kinabanwa mabegani na mikanda ya kiti, halafu kamba zake zinashika helmeti, kwahiyo gari likisimama ghafla kichwa hakichomoki mbele mwili ukabaki nyuma. We pikipiki haina mkanda, ukigonga unaruka mzima mzima. Hiyo hela nunua helmeti inayokubana mashavuni na ufunge kamba ya kidevu, maana naona wengi pale Majengo mmeivalisha kioo cha pembeni. Na ya abiria je?